Naivasha: Mpango Uliokwama Mahakamani

Mwaka 2004 serikali ya Kenya ilichapisha katika Gazeti Rasmi mpango wa kulitunza Ziwa Naivasha. Haukuwa mpango wa kukurupuka. Miaka minane kabla ya hapo ulikuwa umeshaandikwa na kukubaliwa na wenyeji wa ukingoni, ukapita mikononi mwa wanasayansi na maofisa, ukasifiwa hadi nje ya nchi, na sasa ukapewa nguvu za sheria. Haikuchukua muda ukakumbana na kesi. Wafugaji wa eneo hilo walikwenda mahakamani wakilalamika kwamba hawakushirikishwa, mahakama ikasimamisha utekelezaji, na jasho la miaka yote hiyo likabaki makaratasi.

Nakisimulia kisa hiki kwa ajili ya wale wanaokaa leo chini ya mti au katika ofisi ya kijiji kutunga mpango wa ziwa lao, liwe Jipe, Babati, Baringo au bwawa ambalo ramani hailitaji. Watu wa Naivasha hawakuwa wazembe. Walikuwa na fedha, walikuwa na wasomi, na walilipenda ziwa kwa dhati. Mpango wa wazembe ukianguka hakuna anayeshangaa wala anayejifunza kitu. Huu ulianguka ukiwa mikononi mwa watu makini, na ndiyo maana inafaa tuuchunguze kwa utulivu.

Tuanze na ziwa lenyewe, kwa kuwa wengi hutunga mipango ya maji wasiyoyajua. Naivasha limo ndani ya Bonde la Ufa, kama mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, kaskazini-magharibi mwa Nairobi. Halina mto unaotoka. Kwa kawaida ziwa la namna hiyo hugeuka la magadi, kama walivyo jirani zake Nakuru na Elmenteita, lakini Naivasha maji yake hunyweka, kwa sababu sehemu yake hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi. Mto Malewa peke yake huleta sehemu kubwa kabisa ya maji yanayoingia. Mto Gilgil huongeza kiasi, na Karati hutiririka msimu wa mvua tu. Maji haya hushuka kutoka milima ya Nyandarua na uwanda wa Kinangop, mbali na macho ya anayesimama ufuoni. Tena ni ziwa la kina kifupi, mita chache tu sehemu nyingi, hivi kwamba maji yakipungua kidogo, ukingo hurudi nyuma sana penye ardhi tambarare. Tangu vipimo vianze kuwekwa, limekuwa likipanda na kushuka bila kutulia.

Ukingo unaohama ndio uliozaa ugomvi wa ardhi, na ugomvi wa ardhi ndio uliozaa chama cha kwanza cha kulisimamia ziwa. Wamaasai walichunga na kunywesha mifugo hapa hadi mkataba wa 1904 ulipowaondoa Bonde la Ufa kuwapisha walowezi wa Kizungu. Nchi ya kando ya ziwa ikakatwa mashamba makubwa. Maji yaliposhuka, ardhi mpya yenye rutuba ikabaki wazi mbele ya kila shamba, na watu wakaanza kuulizana ni ya nani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wenye mashamba ya ukingoni wakaunda umoja wao, na baadaye serikali ya kikoloni ikaridhia kwamba ardhi iliyoachwa na maji itumiwe na kutunzwa na mwenye shamba linalopakana nayo, bila kujenga juu yake majengo ya kudumu. Umoja huo uliendelea baada ya uhuru, ukapokea wanachama wapya, ukabadilika sura. Msingi wake haukubadilika: ili uwe na sauti juu ya ziwa, uwe na ardhi inayoligusa.

Kisha yakaja maua. Kuanzia miaka ya 1970, na kwa kasi zaidi miaka ya 1980 na 1990, mashamba ya maua yalijipanga kulizunguka ziwa, vivungulio vya plastiki vikameta tangu barabarani hadi karibu na maji, na mabomba yakaingia ziwani kunyonya maji mchana na usiku. Waridi la Naivasha likawa linafika Uholanzi kesho yake. Kazi ilivuta watu kutoka kila pembe ya nchi, na vijiji vya Karagita, Kamere na Kihoto vikajaa vyumba vya kupanga, vyoo vya shimo, na mikokoteni ya punda inayouza maji kwa mtungi. Mafunjo, ambayo ndiyo chujio la asili la ziwa hili, yalizidi kukatwa, kuchomwa na kukanyagwa. Kamba wa maji baridi wenye asili ya Marekani, walioletwa mwaka 1970 kwa ajili ya biashara, walikuwa wameshakula mimea mingi ya chini ya maji. Gugumaji lilipoonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, lilikuta ziwa limeshachoka.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Umoja wa wenye ardhi za ukingoni ndio ulioamka kabla ya wengine. Wanachama wake waliweka kumbukumbu za kina cha maji kwa miongo mingi, kazi ambayo ofisi nyingi za serikali zilishindwa kuifanya. Walishinikiza ziwa litambuliwe chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, na mwaka 1995 Naivasha likawa eneo la pili la Kenya katika orodha hiyo, baada ya Nakuru. Mwaka uliofuata walikuwa na mpango wa usimamizi mkononi. Mwaka 1999, Ramsar ilipotoa tuzo zake za kwanza za uhifadhi wa ardhioevu, umoja huo ulikuwa miongoni mwa washindi. Kwa watu waliojitolea bila mshahara, hilo ni jambo la kujivunia, na mimi sioni sababu ya kuwapunguzia sifa.

Lakini tazama mkutano wa umoja huo ukiwa umekaa. Yupo mwenye shamba la maua. Yupo mwenye hoteli ya watalii, yupo mfugaji wa ng'ombe wa maziwa mwenye hatimiliki, na yupo ofisa wa wanyamapori. Wote wanalijua ziwa kwa sababu wanaliona kila siku kupitia madirishani mwao. Sasa hesabu wasiokuwepo: mvuvi asiye na hata kiwanja, mama anayechota maji kwa punda, mkulima wa viazi wa Kinangop ambaye pengine hajawahi kufika ziwani lakini udongo wake hufika kila masika, na mchungaji anayekuja na ng'ombe mwezi wa ukame tu, kisha akaondoka mvua zikinyesha. Pengine baadhi yao waliwahi kuitwa, wakasomewa, wakaondoka. Kuitwa kusikiliza na kushiriki kutunga ni mambo mawili mbalimbali, na mtu wa kawaida huyatofautisha upesi kuliko mtaalamu.

Huyo mchungaji anahitaji kuangaliwa kwa karibu, maana ndiye aliyeusimamisha mpango. Mwaka wa neema hutamuona kabisa. Ana malisho na ana malambo kwenye nyanda za kusini. Malambo yakikauka, anawaswaga ng'ombe siku nzima kuelekea ziwani. Anakuta ua baada ya ua: senyenge, kisha ukuta wa miba, kisha geti lenye askari. Kati ya shamba na shamba kuna kichochoro cha kupitisha mifugo, ambacho babu yake alikijua kikiwa kipana, na sasa kimebanwa pande zote mbili kwa nguzo zilizosogezwa kidogo kidogo kila mwaka. Ng'ombe wameshanusa maji. Hawarudi nyuma, na hawangoji askari apige simu kuomba ruhusa. Mbele wanasongamana, nyuma wanasukuma, ndama wanaanguka katikati. Mtu aliyepita hapo na mifugo wake akaambiwa kwamba kuna mpango mpya wa kulinda ukingo, neno "kulinda" analisikia kama geti jingine. Usimlaumu. Kila alipoona kitu kinalindwa Naivasha, yeye ndiye aliyekuwa akizuiwa.

Wala hofu ya kuzuiliwa maji haikuwa ya mezani tu. Januari 2005, huko Mai Mahiu, kusini kidogo mwa Naivasha, ugomvi wa wafugaji na wakulima juu ya maji ya Mto Ewaso Kedong ulimwaga damu, watu wakafa na nyumba zikachomwa. Mto ule haumwagi maji yake Naivasha, lakini jamii ni zile zile na kiu ni ile ile. Katika hali kama hiyo, kwenda mahakamani ilikuwa njia ya kistaarabu kuliko nyingine zote. Walioandika mpango waliona kesi kama hujuma. Mimi naiona kama mchango wa kikao uliokosa kikao, ukaja umechelewa na umevaa joho la wakili.

Kusimama kwa mpango kulikuwa na gharama. Mashamba yaliendelea kupiga maji bila mtu yeyote kuwa na hesabu kamili ya nani anachukua kiasi gani. Wengine walikuwa na vibali, wengine walikuwa na vibali vilivyokwisha muda, na wengine walikuwa na pampu tu. Mwaka 2009 ukame ukaingia. Ziwa likashuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka 60. Ukingo ukakimbia, wavuvi wakaburuta mitumbwi matopeni kutafuta maji, na wenye mashamba wakawa wanarefusha mabomba kulifuata ziwa linalowakimbia.

Kisha Februari 2010 samaki wakaanza kuelea wakiwa wamekufa, tena kwa wingi. Hapo ndipo unapoona hasara ya kukosa meza ya pamoja. Lawama zilielekezwa moja kwa moja kwenye dawa za mashamba ya maua. Mashamba yakakana na kunyoosha kidole kwa maji taka ya mji na vijiji. Serikali ilituma wachunguzi, na matokeo ya uchunguzi yakaonyesha kwamba samaki walikosa hewa ya oksijeni majini. Katika ziwa lililokonda namna ile, mvua kubwa ya kwanza huzoa samadi, udongo na uchafu wa miezi mingi na kuvitupa ndani kwa mara moja. Vikianza kuoza hula oksijeni ya samaki. Maelezo hayo yana mantiki. Hata hivyo wangapi ufuoni waliyaamini? Vipimo vilichukuliwa na watu wasiowajua, katika ziwa ambalo hawakuwa na nafasi ya kuuliza swali. Sayansi nzuri inayofika mahali pasipo na uaminifu hupokewa kama utetezi wa tajiri.

Miaka hiyo hiyo ya pigo hilo mambo yalianza kufanywa kwa njia nyingine. Sheria ya Maji ya 2002 ilikuwa imeleta vyama vya watumiaji maji, kila kijito na chake, na bonde la Naivasha likawa na vyama 12, vingi vikiwa milimani, kilomita nyingi kutoka ziwani. Kwa mara ya kwanza mkulima wa Wanjohi na mwenye pampu ya ziwani walikuwa na viti katika mfumo mmoja. Wakakubaliana kuhusu mpango wa kugawana maji unaofuata kina cha ziwa: likiwa juu, kila mwenye kibali achukue kilichoandikwa, likishuka hadi alama fulani, wote wapunguze, likishuka zaidi, wapunguze mara ya pili. Waliuchora kwa rangi za taa za barabarani, kijani, njano na nyekundu, na hata asiyejua kusoma angeweza kujua siku hiyo ziwa liko kwenye rangi gani.

Jambo jingine lililofanyika linanivutia zaidi, kwa sababu lilipanda mlima kumfuata aliyesahauliwa. Shamba la Wanjohi au Turasha ya juu liko kwenye mteremko mkali. Mkulima hupanda viazi kwa mistari inayoteremka, kwa kuwa ndivyo ilivyo rahisi kulima na kupalilia. Mvua ikipiga, maji hushika mistari hiyo na kwenda nayo chini kwa kasi, mekundu kwa udongo, mpaka kijitoni, mpaka Malewa, mpaka ziwani. Mashirika ya WWF na CARE yalikaa na vyama vya watumiaji maji wa juu na wa chini wakapatana hivi: mkulima wa juu apande mikanda ya majani ya nepia kukata mteremko, aache ukanda wa miti na nyasi kando ya mto, na apunguze kulima kwenye mwinuko mkali, nao watumiaji wa chini, wakiwemo wakuzaji wa maua, walipe. Kufikia 2010 wakulima wa kwanza walikuwa wameshapokea hati za kununulia pembejeo.

Hati yenyewe haikuwa na thamani kubwa. Kilichoibakiza mikanda ile shambani ni ng'ombe. Nepia ikikua inakatwa, inalishwa, maziwa yanaongezeka, na maziwa huuzwa kila asubuhi mwaka mzima, tofauti na viazi. Udongo wa juu unabaki shambani badala ya kwenda ziwani, na mavuno ya msimu unaofuata yanaonyesha. Anayetunga mpango wa ziwa na akataka mtu wa milimani ayajali maji ambayo hayaoni, na amtafutie faida ambayo mtu huyo ataiona kwenye ndoo yake mwenyewe.

Mwaka 2011 serikali ikaunda Imarisha Naivasha, chombo cha kuwaweka pamoja wakuzaji wa maua, wafugaji, vyama vya maji, wahifadhi na idara zake yenyewe. Ukiangalia majina ya makundi yaliyopewa viti, unaona kesi ya wafugaji ilivyosikika hatimaye, ingawa kwa kuchelewa. Sitadai kwamba chombo hicho kilimaliza matatizo. Vyombo vya namna hii hutegemea fedha za wafadhili, na mfadhili akiondoka, katibu hukosa nauli ya kwenda mkutanoni.

Na ziwa nalo halikungoja. Baada ya ukame ule likaanza kupanda, pamoja na maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Mwaka 2020 maji yaliingia mtaa wa Kihoto, yakafika madirishani, familia nyingi zikahama na magodoro vichwani, na viboko wakawa wanazunguka penye viambaza vya watu. Watu waliokuwa wamejenga pale hawakujenga ziwani kwa macho yao. Walijenga kwenye ardhi kavu iliyokatwa viwanja wakati ziwa likiwa mbali. Miaka mingi jitihada zote zilikuwa za kuokoa ziwa linalokauka, na sasa swali la zamani la ardhi inayoachwa na maji limerudi kwa upande wa pili: maji yakirudi kuichukua, nani amfidie nani, na alama ya mpaka iko wapi?

Kwa hiyo anayeanza leo, na aanze kwa kuuliza swali la mwezi mbaya. Usiulize nani anaishi kando ya ziwa letu. Uliza mwaka wa ukame uliopita nani alikuja kwenye maji haya, akitokea wapi, akipitia njia gani. Waulize na wazee maji yaliwahi kufika wapi yalipopanda, na mwende pamoja mkaguse mti au jiwe wanalolitaja. Kisha fuateni mto mkubwa kwa miguu kwenda juu, na kila mnapokuta mfereji, pampu au shamba lililolimwa hadi ukingoni, andikeni jina la mwenyewe. Orodha hiyo ndiyo wajumbe wenu, hata kama nusu yao hawajawahi kuliona ziwa.

Mikutano iwafuate watu. Mvuvi aliyetandaza nyavu jioni na kuzivua alfajiri hawezi kuja saa nne asubuhi hotelini. Yuko ufuoni akipima samaki, basi kikao kiende ufuoni. Mama wa maji ana nafasi alasiri. Mchungaji mkutane naye kwenye mnada wa mifugo, siku ya mnada. Rasimu isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenye kikao, na mkirudi mara ya pili waonyesheni kwa kidole ni mstari upi uliobadilika kwa sababu ya maneno yao. Kama hakuna mstari uliobadilika, wana haki ya kusema hawakushirikishwa, na hakimu atawasikia.

Masharti yaandikwe kwa namna ambayo mtu yeyote anaweza kuyakagua: tundu la wavu lisipungue kipimo gani, ukanda wa mafunjo uwe wa hatua ngapi kutoka majini, kichochoro cha mifugo kiwe na upana gani na nguzo zake za mpaka zisimikwe wapi. Kichochoro kisichochorwa kwenye ramani ya mpango kitakuwa shamba la mtu ndani ya miaka michache. Fedha za katibu, daftari na mafuta ya boti zitoke kwa watumiaji wenyewe, kila mmoja kwa kadiri ya maji anayochukua, hata kama ni kidogo, ili ofisi isifungwe siku mradi unapokwisha.

Na kabla ya kuweka sahihi, uandikwe ukurasa wa malalamiko. Mtu akiona mpango unamdhulumu, ampelekee nani, kwa mdomo au kwa barua, na ajibiwe ndani ya siku ngapi. Kamati ikishindwa kumjibu kwa siku hizo, jambo lipelekwe baraza la chifu, kisha ofisi ya maji ya bonde, na jibu libandikwe pale pale ufuoni penye mizani ya samaki, likiwa na jina la aliyelitoa.